Namba Tisa, ya Kusimama

Tangu saa moja asubuhi Hadassa alikuwa amekifagia kile kibanda cha fotokopi mara tatu, na mara zote tatu hakikuwa kichafu. Akapanga karatasi, akazipangua. Akawasha mashine, akaizima, akaiwasha tena kama mtu anayemwamsha mgonjwa aone kama bado yu hai. Kukaa hakukaliki, kusimama hakusimamiki. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya soko la Kikula ilimtoa mlangoni, na kila mara ilikuwa imeleta samaki wakavu, au gunia la mahindi, au mtu mwingine yeyote katika Likasi nzima isipokuwa Symphorien.

“Weye binti, utaimaliza hiyo simenti na ufagio,” alimtania Mama Estelle, muuza samaki wa mlango wa pili. “Unangoja nani?”

“Singoji muntu, mama.”

“Eh! Na huyo mwenye haiko muntu, anakuja saa ngapi?”

Hadassa alicheka kwa meno tu. Ilikuwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi basi la Kolwezi lingeondoka, na tiketi yenye jina lake ilikuwa imebanwa katikati ya Biblia ya mama yake, kwenye kitabu cha Mithali. Huko Kolwezi alingojwa na shangazi yake Marcelline, na nyuma ya shangazi Marcelline alingojwa na shemasi mmoja mjane, mwenye kinu cha unga na watoto wanne, ambaye hajawahi kumwona hata kwa picha ila alikwisha kuoneshwa katika maombi kwamba ndiye mkewe. Wanaume wengine huoneshwa vitu vizuri sana katika maombi.

Na kilicholeta yote hayo ni Jumanne.

Kabla ya Jumanne kulikuwa na Jumamosi nyingi, miezi kumi na minne ya Jumamosi. Symphorien, fundi umeme, Mkatoliki wa kuzaliwa na kukulia Panda, katika nyumba za kambi ya wafanyakazi, alikuwa akija kila wiki kutoa nakala mia mbili za jarida la parokia yao. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na chemshabongo ya vyumba vyeusi na vyeupe, aliyoitunga baba yake mwenyewe, Papa Albert, mzee mstaafu wa karakana. Haikuwa chemshabongo ya kuulizwa mji mkuu wa Ufaransa. Mzee yule alipinda maelezo yake makusudi, kama mtu anayepinda waya wa mtego. Siku ya kwanza Hadassa alikuwa amejaza nakala moja iliyoharibika, kwa kupitisha muda. Symphorien akaiona, akasahau nakala zake mia mbili, akavuta kiti.

Tangu hapo waliikunja karatasi katikati. Maelezo ya kulala yalikuwa ya Symphorien, ya kusimama yalikuwa ya Hadassa. Sheria ilikuwa moja tu: usijaze vyumba vya mwenzako asipokuomba. Na pale herufi ya huyu ilipokutana na herufi ya yule, ndipo mapenzi yalipopenyea. Hawakuyaona yakiingia. Waliyakuta yamekwisha kukaa, yamevua na viatu.

Pikipiki ikasimama. Safari hii alikuwa yeye.

“Bonjour, chérie.”

“Nakala ngapi?” Hadassa aliuliza, macho kwenye mashine.

“Mia mbili, kama siku zote. Hadassa...”

“Mbele na nyuma?”

“Hadassa, angalia minye.”

“Nimeuliza mbele na nyuma, ao upande moja?”

Symphorien aliiweka karatasi mezani taratibu. Alikuwa kijana mrefu mwenye mikono mikubwa ya kuvutia nyaya, na mikono ile leo haikujua pa kwenda. Ilishika kiti, ikakiacha, ikashika shati. Macho yake yalikuwa mekundu. Hadassa aliyaona kwa pembe ya jicho na moyo wake, msaliti yule, ukataka kuruka meza.

“Nilienda juu yetu sisi wawili,” alisema.

“Sisi wawili? Nani alikuwa pale Jumanne? Minye sikuwa. Ulienda kuomba mukono, na mwenye mukono hajui!”

“Nilitaka kukushangaza.”

“Umenishangaza. Vraiment, umenishangaza! Muntu anaenda kwa mama ya binti peke yake, bila mujomba, bila barua, bila hata mzee moja wa kukohoa mbele yake?”

Alikuwa na haki ya kukasirika. Katika mji ule, maskini na tajiri, Mkatoliki na mlokole, mwanaume hagongi mlango wa wakwe mwenyewe. Hutuma wazee, watu wenye mvi na maneno, ili likija jibu baya liangukie mabega yaliyozoea. Symphorien alikuwa amezoea mno kukaa na Hadassa wawili tu na kufungua kila kitu kilichofungwa, hata akaona mlango wa Mama Mbombo, mama yake Hadassa, nao ni vyumba vyeupe tu. Akavaa shati la Pasaka, akaenda.

Mama Mbombo alimpokea. Alimpa kiti na glasi ya maji. Alipomuuliza kanisa lake na kusikia ni Katoliki, mama yule mlokole alikunja uso, lakini hakumfukuza. Kisha akamuuliza swali ambalo mama yeyote angeuliza: baba yako ni nani? “Papa Albert, wa Panda, wa nyumba ya kona.” Mama Mbombo alinyoosha mkono akaichukua ile glasi mkononi mwake, maji yakiwa bado nusu, akayamwaga mlangoni. “Toka,” alisema. Kesho yake alikata tiketi.

“Miezi kumi na minne unajua sheria,” sauti ya Hadassa ilianza kupasuka. “Ya kulala njo yako, ya kusimama njo yangu. Halafu siku ya maana unachukua biki unajaza vyote peke yako. Na unajaza vibaya!”

“Nilijua nikikuuliza, utasema tungoje.”

“Njo vile! Ningesema tungoje. Na ningekuwa na haki ya kusema.”

Hadassa akaitia karatasi kwenye mashine. Mashine ilianza kutema nakala, moja moja, na joto lake likajaa kibanda. Walisimama pande mbili za meza kama watu wanaongoja daktari. Hatimaye, kwa sababu mikono iliyozoeana haijui kununa muda mrefu, Hadassa akachukua nakala moja, akaikunja katikati. Akamsukumia nusu yake.

“Ya mwisho hii,” alisema. “Lundi, basi ikiondoka, sipo.”

“Usiseme vile.”

“Soma.”

Symphorien alikohoa. “Ya pili, kulala. Herufi ine. *Mtikise kima, kitabaki cha nyuma.*”

“Kima ni nyani.”

“Ya kwangu hii. Sikukuomba.”

“Basi nyamaza nayo!”

Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayeomba ruhusa. “Ukimtikisa, herufi zake zinahama. K, I, M, A. Mkia! Cha nyuma, njo mkia.” Akaandika. “Sasa yako.”

“Ya ine, kusimama, herufi saba. *Hunywa upepo, hutapika motoni. Tumbo hana, ni ngozi tupu.*” Hadassa alizunguka meza, akarudi, akasimama mlangoni, akarudi tena. Siku nyingine angeifungua akiwa amekaa, mguu mmoja juu ya mwingine. “Mvukuto. Wa mufua chuma. Endelea.”

“Kaa chini kidogo, basi.”

“Siwezi kukaa. Endelea!”

“Ya tano, kulala, ine. *Siku ikivurugika, hukata.*” Aliinua penseli hewani. “Hadassa, hii nakuomba. Nisaidie.”

Alijua kwamba Symphorien alikwisha kulipata jibu. Uso wake haukujua kuficha. Alikuwa akimpa, kama mtu anayemega kipande kikubwa cha ugali wa bukari na kukisogeza upande wa mwenzake bila kusema.

“Kisu,” Hadassa alisema polepole. “Jumanne yangu ilivurugika. Imekata kweli.”

“Nisamehe.”

“Andika tu.”

Wakaendelea hivyo mpaka karibu saa sita, wakigombana na kufungua, wakifungua na kugombana. Wateja wawili walikuja, wakahudumiwa bila kuangaliwa. Gridi yote ikajaa, ikabaki namba tisa peke yake, ya kusimama, herufi sita. Herufi ya pili ilikuwa A ya mkia, ya tano ilikuwa K ya kisu.

Hadassa aliisoma kimya. Akaisoma tena. Kisha kwa sauti:

“*Aligonga. Nyuma ya mlango nilizima redio, nikabana pumzi. Yeye aliniita hivi.*”

“Baraka!” Symphorien aliruka. “B, A, R, A, K, A. Inaingia!”

“Nani anaitwa baraka kwa kuzima redio? Na haraka inaingia vilevile. Kila kitu kinaingia.”

“Minye nataka baraka.”

“Najua unataka. Lakini haiko jibu.” Aliigeuza karatasi kwenye mwanga. “Symphorien, hii haina mutego. Papa yako anapindaka kila neno. Hii imenyooka. Ni kama muntu anasema tu.”

Symphorien aliweka penseli chini. “Papa haiko sawa tangu Jumanne. Nilirudi nikamwambia mama yako amenifukuza. Akauliza, mama ya huyo binti ni nani? Nikasema Mama Mbombo, mutoto wa marehemu Stéphane. Aliacha kula palepale. Siku mbili hakusema na muntu. Alhamisi akachukua rula, akachora hii.”

“Alisema nini?”

“Alisema, hakikisha mwenzako wa Kikula anaifungua yote.”

Hadassa aliishusha karatasi. Alikuwa amemuuliza mama yake sababu ya kumfukuza Symphorien siku ile ile ya Jumanne, jikoni, chungu cha majani ya sombe kikichemka, na mama hakugeuka. Alisema maneno matatu tu, “Baba yake alitutupa,” kisha akaendelea kukoroga chungu kilichokwisha kuiva.

“Huyu anafanya nini hapa?”

Wote wawili waliruka. Mama Mbombo alikuwa mlangoni, mkoba kwapani, kitambaa cha kichwa kimefungwa kama cha mtu anayekwenda kwenye kesi. Alikuwa amekuja kuchukua funguo za kibanda, ampe binamu atakayekaa pale kuanzia Jumatatu.

“Jambo, mama,” Symphorien alisimama, kichwa chini.

“Jambo yako uipeleke kwenu. Hadassa, nilisema nini?”

“Amekuja kutoa nakala, mama. Ni kazi.”

“Kazi! Watu wawili, penseli mbili, vichwa vimegusana. Kazi gani hii, ya ndege?” Alipiga hatua, akainyakua ile karatasi mezani. Akaikunja aitupe nje kwa kuku.

Hakuitupa.

Jicho lake lilikuwa limeanguka juu ya mwandiko. Papa Albert hakuwa na kompyuta. Kila wiki aliandika maelezo kwa mkono, kwa herufi kubwa zenye miguu mirefu, na mashine ikazinakili vilevile zilivyo. Mama Mbombo aliikunjua karatasi. Aliikunjua kwa vidole viwili, kama anayefunua kidonda.

“Nani ameandika hii?”

“Baba yangu, mama,” Symphorien alijibu.

“Bado anachora? Mpaka leo anachora?” Sauti yake ilikuwa imebadilika, ikawa ya msichana. “Nilikuwa napelekeaka Baba chakula mu karakana. Nawakuta wawili, chini ya ukuta, wamekunja gazeti hivi. Baba anasoma ya kusimama. Huyo anasoma ya kulala.”

Hadassa na Symphorien walitazamana. Miezi kumi na minne walidhani ule mkunjo ni wao, wameubuni wao.

Mama Mbombo akafika namba tisa. Hadassa aliona midomo yake ikisoma, ikasimama, ikaanza upya. Kisha mama yule, ambaye hakuna mtu Kikula aliyewahi kumwona akikaa bila kukaribishwa, akakaa kwenye kiti cha wateja.

“Rafiki,” alisema. “Herufi sita. Baba hakumuita Albert hata siku moja. Alimuita Rafiki.”

Hadassa alihesabu kwa macho. Iliingia. Hakuna aliyeshika penseli.

“Mwaka ule,” Mama Mbombo alianza, na hakutaja ni mwaka gani, kwa kuwa Likasi nzima ina mwaka mmoja tu unaoitwa hivyo. Wanaosema wameusahau ndio wanaoukumbuka vizuri kuliko wote. Wengine bado wanalalia magodoro ya watu waliofukuzwa. “Walipotuambia, sisi wenye wazee wetu walitoka jimbo lingine, turudi kwetu, na sisi tulizaliwa hapa! Minye niko na miaka kumi na mine. Wametoa vitu vyetu nje. Baba akasema, tusiende kituoni, twende kwa Rafiki, atatuficha mpaka hasira ya watu ipoe. Tukafika. Redio inaimba ndani. Baba akagonga, redio ikazima.” Alipiga meza kwa kiganja, mara moja. “Ikazima! Minye nilisikia. Baba akagonga tena, akaita jina lake. Kimya. Tukaenda kulala kituoni kungoja treni, sisi na watu kama mchanga. Miezi. Baba kipindupindu kikamchukua pale pale, kwenye reli. Treni ilipokuja, mama yangu akakataa kupanda. Alisema hawezi kuacha kaburi. Njo maana weye ulizaliwa Kikula, Hadassa. Sababu ya kaburi.”

Nje Mama Estelle alikuwa ameacha kuita wateja.

“Mama,” Symphorien alisema kwa shida, “minye sikujua. Naapa.”

“Najua hukujua. Ungejua, usingekunywa maji yangu.” Akasimama, na hapo hasira ikamrudia yote, ya miaka zaidi ya thelathini, ikiwa mbichi kama ya jana. “Lakini baba yako! Mwanaume mzima, anakuja kutubu ndani ya vimraba! Kwa karatasi ya kanisa! Anatafuta muntu mwingine amtafutie neno lake! Alishindwa kufungua mlango, sasa ameshindwa kufungua mdomo?”

“Mama, unaenda wapi?”

“Panda.”

Alikuwa amekwisha kutoka.

Alikataa pikipiki. Alikwenda kwa miguu juani, mkoba kwapani, karatasi mkononi kama hati ya korti, na watu wa soko walimpisha bila kuambiwa. Hadassa alifunga kibanda bila kuangalia kama kufuli limeshika. Yeye na Symphorien walifuata nyuma hatua kumi, wakikimbia nusu, wakitembea nusu, vumbi jekundu likiwapanda magotini.

Baadaye angeulizwa walipitia njia gani, asikumbuke. Alikumbuka mgongo wa mama yake tu. Alikumbuka akiwaza: akifika kule atamtukana mzee, mzee atajibu, na yote yatakwisha leo, Jumatatu nitapanda basi nikiwa sina hata cha kukumbuka. Alimtazama Symphorien. Symphorien alikuwa ametoa simu, dole gumba juu ya jina la baba yake. Akasita.

“Hadassa,” alisema, akihema. “Nimpigie Papa simu, nimwambie tunakuja? Ao nisimpigie? Sema weye.”

Ni jambo dogo. Lakini mwanamke hupendwa katika mambo madogo, na hutupwa katika hayo hayo. Hadassa alimtazama jicho kwa jicho kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

“Usimpigie,” alisema. “Amuone.”

Simu ikarudi mfukoni.

Papa Albert alikuwa uani, nyumba ya kona, akimwagilia vitunguu kwa kopo lililotobolewa. Mzee mwembamba, mashati mawili mwilini licha ya joto lote lile. Kwenye bomba la kambi, upande wa pili wa njia, wanawake sita walikuwa na ndoo zao. Mzee aliinua kichwa. Kopo likabaki limeinama, maji yakimwagika mahali pamoja.

“Mbombo,” alisema.

“Unanijua?”

“Unatembea kama Stéphane.”

“Usitaje.”

“Nilikuandikia...”

“Nimesoma. Sikukuja kusoma, Albert.” Alimwita hivyo, jina tupu, bila Papa, bila Baba, na wanawake wa bomba wakageuka wote kwa pamoja kama waliomwagiwa maji. “Nimekuja kusikia. Sema.”

“Tuingie ndani kwanza, mama...”

“Ndani? Leo njo unanikaribisha ndani? Sema hapa. Wasikie.”

Symphorien alipiga hatua kumwendea baba yake. Hadassa alimshika mkono, akamzuia. Si kwa ukatili. Mkono wake ulibaki pale.

Papa Albert aliweka kopo chini.

“Nilikuwa ndani,” alisema. “Stéphane alipogonga, nilikuwa ndani. Nilizima redio. Muke wangu alitaka kufungua, nikamshika mukono. Kwa nguvu. Nilikusikia weye unakohoa kule nje. Niliogopa jirani wataona. Nilisikia mukienda. Sikula tena, Mbombo, sikulala. Lakini sikufungua. Hakuna muntu alinikataza. Ni minye.”

Bomba la kambi lilikuwa likimwaga maji kwenye ndoo iliyokwisha kujaa. Hakuna aliyelifunga.

“Unajua Baba alisema nini?” Mama Mbombo aliuliza, na sasa hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga kelele. “Tukienda, nilimwambia, Baba, redio imezima, beko ndani. Akanipiga kofi. Hajawahi kunipiga. Akasema, Rafiki haiko nyumbani, angekuwako angefungua. Na kule kituoni, ugonjwa umemshika, watu wakikutukana, yeye anasema hapana, hakuwako. Alikufa anakutetea, Albert.”

Mzee alikaa chini palepale, juu ya vitunguu vyake, akafunika uso kwa mikono yenye udongo. Hakulia kwa sauti.

“Nisamehe,” alisema ndani ya viganja.

“Nimesikia.”

“Mbombo, nisamehe.”

“Nimesema nimesikia. Usinichagulie neno.” Aliikunja ile karatasi, akaitia mkobani, akageuka. “Hadassa, twende. Lundi una safari.”

Na hapo Hadassa, ambaye tangu utoto alikuwa akimjibu mama yake kwa “ndiyo, mama” hata anapotaka kulia, alihisi miguu yake imekataa.

“Siendi Kolwezi, mama.”

“Unasema?”

“Siendi.”

Mama Mbombo alimtazama binti yake, kisha mkono wa binti yake, uliokuwa bado umeshika mkono wa Symphorien. “Juu ya huyu?”

“Hata huyu asingekuwako. Kolwezi sikuiomba. Shemasi sikumuomba. Walikutoa nje bila kukuuliza, mama, uko na miaka kumi na mine. Minye niko na ishirini na tano, na unanitoa nje bila kuniuliza.”

Kofi lingeweza kuja. Wanawake wa bomba walilingoja. Kitu fulani kikapita usoni mwa Mama Mbombo kama kivuli cha wingu juu ya kilima.

“Na huyu?” aliuliza hatimaye, akimnyooshea Symphorien kidevu. “Huyu naye?”

“Huyu hajaniuliza kitu,” Hadassa alisema. “Alikuuliza weye.”

Macho yote ya kambi yalihamia kwa Symphorien. Jasho lilikuwa likimtiririka kwenye mashavu. Baba yake chini kwenye udongo, mama mkwe mbele yake kama jaji, wanawake sita na ndoo zao. Hakuna mwanaume aliyewahi kuandaliwa mahali pabaya kuliko pale pa kusema maneno matamu. Akamgeukia Hadassa mzima mzima, akasahau wengine.

“Hadassa. Sina maneno ya kupinda,” alisema. “Nakupenda. Nilikosea kwenda bila weye. Unataka kuwa bibi yangu? Ukisema hapana, nitasikia hapana. Ukisema tungoje, tutangoja.”

Alimwacha angoje. Alimtazama yule kijana aliyekuwa na mikono mikubwa isiyojua pa kwenda, akamwacha ahisi jua, ahisi macho ya watu, ahisi hata nusu tu ya siku nne zake. Alitaka kusema kwa upole, kama wanawake wa heshima. Lakini neno lilipotoka lilitoka kama mluzi wa karakana.

“Ndiyo!”

“Tumesikia, dada!” mwanamke mmoja aliitikia kutoka bombani. “Na mpaka kule Shituru wamesikia!”

Vicheko vikapasuka, mtu akapiga kigelegele, na mtu mwingine akakumbuka kulifunga bomba. Symphorien alikuwa akicheka na kufuta macho kwa wakati mmoja. Mama Mbombo hakucheka.

“Weye kijana,” alisema. “Utatuma wazee. Wawili, wenye akili. Na baba yako asijifiche nyuma yao. Najua desturi: baba hatanguliagi. Yeye atatangulia. Atakuja mwenyewe Kikula, mchana, watu wakimuona. Nitafungua ao sitafungua, hiyo ni ya kwangu.”

“Nitakuja,” Papa Albert alisema kutoka chini.

Mama Mbombo akaanza kurudi alikotoka. Symphorien akainama kumwinua baba yake, na Hadassa akabaki katikati, moyo ukivutwa huku na huku. Symphorien alimwangalia juu ya bega la mzee. “Nenda naye,” macho yake yalisema. “Minye niko.” Hadassa akakimbia.

Alimkuta mama yake mbali kidogo, penye reli ya zamani inayokata njia. Walitembea pamoja, mpaka Mama Mbombo mwenyewe akasema, kama anayezungumzia hali ya hewa:

“Baba yangu angempenda huyu kijana wako.”

“Kweli, mama?”

“Angempenda. Ni mjinga wa namna ile ile. Anaona mlango, anaamini utafunguliwa.”

Kisha akasimama. Mkoba ukamponyoka kwapani ukaanguka vumbini, naye hakuinama kuuokota. Saa nane mchana, njia imejaa watu, pikipiki zikipiga honi kumzunguka, Mama Mbombo aliufungua mdomo akamlilia baba yake kwa sauti, kwa jina, kama aliavyo msichana wa miaka kumi na minne. Hadassa akamkumbatia. Mtu mmoja aliuliza kuna nini, hakujibiwa. Wakasimama pale, na Hadassa hakutazama saa, wala njia, wala hakutamani kuwa mahali pengine popote.